Gemu ya marafiki, saa za jioni: mwongozo kamili wa kutoa wazo, kulichuja na kulijaribu

Marafiki wanaotaka kutengeneza gemu hawakwami kwa kukosa mawazo. Hukwama kwa sababu wamechagua wazo ambalo saa zao za jioni haziwezi kulibeba. Watu wanne wenye kazi, masomo na familia wanakaa, wanapanga gemu yenye mji mzima, wahusika thelathini na mapambano ya mtandaoni, na ikifika mwezi wa tatu hakuna anayefungua mradi tena.

Mwongozo huu unahusu kipindi cha mwanzo tu: kutoa mawazo, kuyachuja, kuyajaribu kwa karatasi na vizibo vya soda, kisha kuamua kama gemu inaendelea au inaachwa. Tunachukulia mko watatu hadi watano, hamna mtaji, mna laptopu za kawaida, na hii ni kazi ya pembeni.

Hesabuni saa kabla ya kutaja wazo lolote

Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake saa alizo na uhakika nazo kwa wiki, yaani zile zinazobaki baada ya kazi, foleni, watoto, ibada na usingizi. Msisomeane mpaka wote wamemaliza. Mtu akisikia mwenzake ana saa 10, huona haya kuandika 3, na hapo hesabu yote inaharibika.

Tuseme mko 4, kila mmoja ana saa 5 kwa wiki, na mmejipa wiki 12. Hizo ni saa 240. Kateni nusu hapo hapo, kwa sababu mitihani, misiba, harusi, malaria ya mtoto na umeme kukatika vitaichukua. Zinabaki 120. Kati ya hizo wekeni kando theluthi, yaani saa 40, kwa ajili ya kumalizia: menyu, sauti, kurekebisha hitilafu, kuijaribu gemu kwenye mashine tofauti, picha za kuitangaza. Kazi hizi husahauliwa karibu kila mara, na gemu nyingi hufia hapo. Gemu yenyewe, basi, ina saa 80.

Saa 80 zinatosha nini? Mchoraji anayejifunza atahitaji saa 8 hadi 10 kumchora mhusika mmoja anayetembea pande nne, anayesimama na kuanguka. Levo moja, ikipangwa, ikajaribiwa na kurekebishwa, ni kama saa 4. Mfumo wa kuhifadhi maendeleo ya mchezaji, saa 6. Wahusika watatu, levo sita na huo mfumo wa kuhifadhi tayari zimekula karibu saa 57, na bado hamjagusa kitendo chenyewe ambacho mtu ataichezea gemu yenu. Andikeni namba yenu kwa herufi kubwa na muibandike ukutani siku ya kikao.

Pamoja na saa, kila mmoja aorodheshe anachoweza kufanya leo, na kitu kimoja tu anachotaka kujifunza. Kama hakuna anayechora, amueni mapema kwamba gemu itakuwa ya maumbo rahisi, maandishi, au picha za bure. Mkusanyiko wa Kenney, kwa mfano, una maelfu ya picha na sauti zilizotolewa kwa leseni ya CC0, maana yake mnaweza kuzitumia hata kwenye gemu ya kuuza bila kuomba ruhusa. Sauti ndiyo nafasi inayobaki wazi kwenye vikundi vingi. Mpeni mtu jukumu hilo tangu siku ya kwanza hata kama hajui chochote. Kurekodi mlango, kopo na nyayo kwa simu na kuzisafisha kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, ni ujuzi wa wikiendi moja.

Kisha wekeni mipaka. Gemu ni ya kompyuta au ya simu? Mchezo mmoja unachukua dakika ngapi? Wachezaji wangapi? Vitufe vingapi? Kwa gemu ya kwanza tunasisitiza mpaka mmoja usiojadiliwa: hakuna kucheza kwa mtandao. Kuunganisha wachezaji kupitia intaneti kunaleta seva ya kulipia, ucheleweshaji wa mawasiliano, udanganyifu, na kazi ya kuandika kila kitendo upya ili mashine mbili zikubaliane. Zaidi ya hayo, gemu ndogo ikitoka haina watu. Mtu anaifungua saa 5 usiku, hamkuti mwenzake wa kucheza naye, anaifuta.

Kikao cha kutoa mawazo: saa mbili, bila laptopu

Mnahitaji karatasi 15 za A4 zilizokatwa vipande vinne (vipande 60), kalamu nene kwa kila mtu, saa ya kuhesabu dakika, na meza. Laptopu zibaki kwenye mikoba. Ikifunguka moja, mtu ataanza kuwaonyesha wenzake gemu ya watu wengine, na kuanzia hapo mawazo yote yatafanana nayo.

Sehemu ya kwanza ni ya kuandika kimya: raundi tatu za dakika 8, kila wazo kwenye kipande chake. Ukimya huu una sababu. Mwaka 1987 watafiti Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha kwamba watu wanaotoa mawazo kwa sauti kwenye kundi hupata mawazo machache kuliko idadi hiyo hiyo ya watu wakiandika kila mmoja peke yake, na sababu kubwa ni kusubiri zamu ya kusema. Kwetu kuna la ziada: mkubwa kwa umri, au yule pekee anayejua kuandika programu, akisema kwanza, wengine humfuata kwa heshima. Wazo la mdogo wa kundi halifiki mezani.

Kila raundi ina swali lake.

Raundi ya kwanza: *mkono wa mchezaji unafanya nini?* Andikeni vitendo. Kusukuma, kujificha, kupima, kuchanganya, kusubiri, kudanganya, kuning'inia. Hadithi, majina na sura za wahusika haziruhusiwi bado.

Raundi ya pili: *ni mchezo gani wa utotoni uliowapandisha mapigo ya moyo, na ni wakati gani hasa?* Kombolela, rede, mdako, karata, bao. Hapa pana utajiri mkubwa, kwa sababu michezo hii imechujwa na vizazi. Litazameni bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64, na karibu kila kitu kinatokana na kitendo kimoja cha kusambaza kete. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kwa hiyo kuna kipindi cha kunamua, yaani kuingiza ubaoni kete za mkononi, kisha hizo zikiisha mchezo unaingia kwenye hatua iitwayo mtaji na hesabu zinabadilika kabisa. Hayo ni mabadiliko ya hatua yanayopatikana bila kuongeza kitu kipya hata kimoja mezani. Kola Studios ya Kampala nao walichukua Matatu, mchezo wa karata ambao Waganda wengi tayari waliujua, wakaufanya gemu ya simu; mchezaji wao hakuhitaji kufundishwa sheria.

Raundi ya tatu: *ni kazi gani mnaijua kwa undani, na ndani yake uamuzi gani ni mgumu?* Mpishi wa pilau la harusi, utingo wa lori la masafa marefu, fundi cherehani wiki ya Idi, nahodha wa mashua. Uamuzi mgumu ndio mbegu ya gemu. Mandhari peke yake haitoshi.

Kisha kila mtu achukue vipande vyake vilivyo bora na aviandike upya kwa sentensi moja ya umbo hili: *Mchezaji ana… ili… lakini…* Kwa mfano:

- Mchezaji anapanga magunia ndani ya mashua ili yafike Unguja, lakini kila gunia linakilaza chombo upande mmoja.
- Mchezaji anagawa kuni kwenye sufuria tatu ili vyakula viive kwa pamoja, lakini kuni hazitoshi na moto ukizidi wali unaungua.
- Mchezaji anawahi kopo ili awakomboe wenzake, lakini mtafutaji anamwinda.

Kipande kisichokubali umbo hili mara nyingi ni mandhari tu, au ni hadithi ambayo bado haijapata mchezo. "Gemu kuhusu Kilwa ya kale" ni mandhari nzuri sana, ila bado haisemi mchezaji anafanya nini dakika ya kwanza. Kiwekeni pembeni, msikitupe.

Someni vipande vyote kwa sauti, nusu dakika kila kimoja, bila mtu kutetea wala kupinga. Vinavyofanana viwekwe pamoja. Halafu pigeni kura za aina mbili kwa rangi mbili za kalamu: kila mtu ana alama 3 za "ningeicheza" na alama 2 za "ningeijenga mimi mwenyewe". Kura ya pili ndiyo yenye uzito. Wazo lenye alama tisa za kucheza na sifuri za kujenga ni wazo ambalo kila mmoja anasubiri mwenzake alifanyie kazi, na litakufa wiki ya nne. Chukueni matatu ya juu, msichukue moja. Kuchagua moja siku hiyo hiyo kunaleta ubishi wa hoja tupu. Jaribio litaamua kwa haki zaidi.

Kama mmetawanyika, kikao hiki kinafanyika vilevile kwa simu ya pamoja, kila mtu na karatasi zake, akizipiga picha mwisho wa kila raundi na kuzituma zote kwa wakati mmoja. Saa 3 usiku ya Dar es Salaam au Nairobi ni saa 4 usiku Muscat, na Toronto ni saa 7 au saa 8 mchana kutegemea majira, kwa hiyo Jumamosi au Jumapili saa hizo huwa zinawafaa wote.

Kukata mpaka ubaki moyo wa gemu

Tufuate wazo moja hadi mwisho, lile la kombolela, ili ionekane kukata kunafanywaje.

Namna inavyochezwa mitaa mingi, mtafutaji anafumba macho na kuhesabu, wengine wanajificha. Akimwona mtu anamtaja na huyo anakuwa amekamatwa. Lakini mmoja aliyebaki akiliwahi kopo na kulipiga teke, waliokamatwa wote wako huru na mtafutaji anaanza upya.

Wazo la kwanza linalokuja kichwani ni watoto wanane, mtaa mzima wa kujificha, kila mchezaji na simu yake. Mpaka wenu wa kutocheza mtandaoni unalikata mara moja. Basi wawe wawili kwenye laptopu moja. Hapo linaibuka tatizo la kweli: wote wanatazama kioo kimoja, kwa hiyo anayejificha nyuma ya ukuta anaonekana na mwenzake aliyekaa ubavuni.

Tatizo la namna hii ndilo linalozaa gemu, na msilikimbie kwa kuongeza vitu. Jiulizeni: moyo wa kombolela ni upi? Ni ule wakati unapoamua kutoka mafichoni na kuliendea kopo. Kuta si moyo. Kwa hiyo tuondoe kuta, tujaze uwanja watoto 20 wanaofanana, 19 wakiendeshwa na kompyuta, na mmoja ni mchezaji. Anajificha mbele ya macho kwa kutembea kama wengine. Mtafutaji anatazama na anaruhusiwa kutaja mara tatu tu. Akikosea zote, amepoteza raundi.

Mwanzoni mwa raundi mtafutaji anafumba macho kweli na kuhesabu hadi kumi kwa sauti, huku kioo kikimwonyesha mjifichaji ni mtoto yupi wake kwa duara linalotoweka. Sheria ya mtaani imerudi yenyewe. Na pointi? Kila mjifichaji akikamatwa, mateka mmoja anaongezeka kwenye kona ya kioo. Akifanikiwa kulipiga kopo, mateka wote wanatoka na kuwa pointi zake. Anayeshindwa mara nne mfululizo bado anaweza kupata vyote kwa teke moja, na raundi ya tano inakuwa na joto kuliko ya kwanza.

Hesabu za aina hii zifanyeni mapema: mtafutaji anayebahatisha tu, akiwa na nafasi tatu kati ya watoto 20, ana uwezekano wa asilimia 15 wa kupatia. Watoto wakiwa 8, uwezekano unapanda hadi asilimia 37 na nusu, na kutazama kwa makini kunakosa thamani.

Jaribio la karatasi

Kila wazo kati ya yale matatu lipate jioni moja ya karatasi. Kwa kombolela: chora uwanja wa miraba 8 kwa 8 kwenye karatasi kubwa, weka kopo kwenye mraba mmoja wa katikati, na chukua vizibo 8 vya soda vyenye namba (kwenye karatasi 20 ni vingi mno kuvisogeza). Mnahitaji watu watatu: mtafutaji, mjifichaji, na mwamuzi. Mjifichaji anamwonyesha mwamuzi namba yake kwa siri. Kila zamu anamwandikia kwenye kipande cha karatasi mwelekeo wa hatua moja. Mwamuzi anasogeza vizibo vyote. Zamu 20, nafasi tatu za kutaja.

Mara ya kwanza mtarusha dadu kuamua kila kizibo kinaenda wapi, na gemu itaharibika. Vizibo vya dadu vinazungukazunguka mahali pamoja bila mwelekeo, na kile kinachosonga kuelekea kopo kinajulikana zamu ya nne. Rekebisheni hivi: andikeni maeneo manne, yaani mti, kisima, mlango na kopo, kwenye vikaratasi. Kila kizibo kinachota eneo, kinaliendea, kikifika kinasimama zamu mbili, kisha kinachota jingine. Sasa uwanjani kuna watu wenye shughuli, wengine wanapita karibu na kopo bila kuligusa, na mjifichaji ana namna ya kujifanya. Mmepata kanuni ambayo mwandishi wa programu ataiandika kama ilivyo, na imewagharimu jioni moja badala ya wiki mbili.

Andikeni kila mara mchezaji anapocheka, anaposhika kichwa, anapouliza "naruhusiwa?" na anapotazama simu. Mkicheza raundi tatu na hakuna anayeomba ya nne, wazo hilo limejibu.

Yapo mawazo yasiyokubali karatasi, hasa yale ya kuruka na kuwahi, ambayo raha yake iko kwenye vidole. Hayo yapelekeni moja kwa moja kwenye hatua inayofuata.

Wikiendi ya maboksi

Wazo lililoshinda linahitaji gemu ya majaribio ambayo haina mchoro hata mmoja: maboksi, duara, rangi nne. Sababu ya kukataza michoro ni kwamba picha nzuri huficha mchezo mbaya, na mkishamchora mhusika kwa saa tisa hamtakuwa na moyo wa kumwondoa.

Kwa injini, yaani programu ya kujengea gemu, tunapendekeza Godot. Ilianzishwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, ikafunguliwa kwa wote mwaka 2014, ni ya bure chini ya leseni ya MIT, na haidai asilimia ya mauzo. Inashuka kwa bando dogo na inafanya kazi kwenye laptopu za zamani. Mnapofungua mradi mpya chagueni namna ya uchoraji inayoitwa Compatibility. Unity na Unreal ni injini nzuri, ila someni masharti yao ya malipo. Septemba 2023 Unity ilitangaza ada mpya kwa kila gemu inayosakinishwa, ikazua taharuki, na mwaka mmoja baadaye ikaifuta. Ambaye tayari anaijua Unity abaki nayo. Kujifunza injini mpya kunakula saa zile zile 80.

Ukubwa wa kioo wekeni pikseli 640 kwa 360. Mara mbili ni 1280 kwa 720, mara tatu ni 1920 kwa 1080, kwa hiyo picha hukua bila kuvurugika.

Mgawanyo wa wikiendi kwa waandishi wawili wa programu, jumla saa 14 hivi: uwanja na boksi moja linalotembea (2), watoto 19 wenye maeneo manne ya kuendea (4), mtafutaji anayebofya na nafasi tatu (2), kopo na teke (1), mateka na kuanza raundi upya (2), na saa 3 za kurekebisha namba. Kasi ya kutembea, muda wa kusimama na idadi ya watoto viwekwe mahali pamoja juu kabisa ya faili ili mtu asiyejua programu aweze kuvibadilisha.

Hapa yatajitokeza mambo ambayo karatasi haikuyaonyesha. Wachezaji wawili wakibonyeza kibodi moja, kibodi nyingi za bei nafuu hushindwa kusoma vitufe kadhaa kwa pamoja. Mpeni mtafutaji mausi na mjifichaji mishale ya kibodi. Kisha mtagundua kwamba mtafutaji amekaa karibu kiasi cha kusikia kitufe kikibonyezwa, na anamtazama mtoto aliyegeuka wakati huo huo. Dawa yake ni mdundo: watoto wote, pamoja na mjifichaji, wanapiga hatua kwa pamoja kila baada ya sekunde moja, na kitufe kinaweza kubonyezwa wakati wowote ndani ya sekunde hiyo. Ngoma inayopigwa kwa mdundo huo inafunika mlio wa kitufe, na mtu wenu wa sauti ameshapata kazi ya maana.

Mtafutaji naye atajifunza kulikodolea macho kopo tu, kama mtoto anayelinda kopo mtaani mpaka wenzake wamlalamikie. Mkiona hivyo ongezeni makopo yawe matatu, na mjifichaji alazimike kugusa mawili kabla ya kupiga teke la tatu. Badilisheni jambo moja, chezeni raundi tano, ndipo mbadilishe jingine. Mkibadilisha matatu kwa pamoja hamtajua lipi limesaidia.

Faili zote ziwe kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yenu; hazina ya siri kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya namna hiyo, haina malipo. Kubalianeni kwamba watu wawili hawafungui faili moja la uwanja kwa wakati mmoja, maana kuunganisha mabadiliko yao ni kazi chungu. Folda ya `.godot`, ambayo injini huitengeneza yenyewe, isitumwe. Faili linalozidi MB 100 litakataliwa, kwa hiyo sauti ghafi na video vikae kwingine. Na kila anayeinuka kwenye kiti atume kazi yake kwanza, umeme hauagi.

Wageni watano

Tafuteni watu watano wasiowajua kwa karibu: mteja wa saluni, jirani, mwanafunzi wa darasa jingine. Wawekeeni gemu na mnyamaze. Msieleze sheria, msiseme "bonyeza hapa". Mmoja wenu atazame mikono, mwingine aandike muda. Mtu akikwama sekunde 30, andikeni alichokuwa anajaribu kufanya. Hicho ndicho gemu ilimfanya aamini, na aghalabu ni rahisi zaidi kuibadili gemu imfuate kuliko kumfundisha.

Msiulize "umeipenda?" Watu wetu wana adabu, watasema nzuri. Ulizeni: "Msimulie mwenzako anayeingia sasa inachezwaje." Mnachosikia ndicho gemu yenu ilivyo kweli. Ulizeni pia walipotaka kuacha. Wageni watatu kati ya watano wakikwama mahali pamoja, rekebisheni kabla ya kuongeza chochote.

Ukurasa mmoja, na kapu la baadaye

Sasa ndipo mnaandika, na ukurasa mmoja unatosha: sentensi ile ya *ana… ili… lakini*, mambo matatu ambayo gemu haiwezi kuyaacha, mambo matano ambayo haitakuwa nayo, orodha ya kazi na saa zake, na tarehe ya kutoka. Kwa kombolela, mambo matatu ni kufanana, mdundo, na teke linalowatoa mateka wote. Yasiyokuwemo: hadithi, mtandao, maduka, wahusika wa kuchagua, toleo la simu.

Mawazo mapya hayataacha kuja, na mengi yatakuwa mazuri. Fungueni faili liitwalo kapu la baadaye. Kila wazo linaingia humo bila kujadiliwa, linafunguliwa mara moja kwa mwezi, na likitaka kuingia kwenye gemu lazima jingine la saa sawa litoke. Utaratibu huu unazuia ugomvi kuliko mkutano wowote, kwa sababu mtu anaona wazo lake limehifadhiwa.

Ukubwa wa ndoto usiwatishe kuanza kidogo. Celeste, iliyotoka 2018 na kupendwa dunia nzima, ilianza kama gemu ndogo iliyotengenezwa na Maddy Thorson na Noel Berry kwa siku nne. Baba Is You ya Arvi Teikari wa Finland ilizaliwa kwenye shindano fupi la Nordic Game Jam mwaka 2017. Upande wa pili kuna Aurion ya Kiro'o Games ya Yaoundé, gemu kubwa ya masimulizi iliyotoka 2016 baada ya miaka mingi na kampuni nzima nyuma yake. Inastahili fahari, ila njia yake haipitiki kwa saa tano za wiki. Mkitaka shinikizo la tarehe, Global Game Jam hufanyika kila mwaka kuanzia 2009, kawaida mwishoni mwa Januari, kwa saa 48.

Mkataba wa ukurasa mmoja

Urafiki hautoshi kuwa mkataba. Andikeni mapema, wakati gemu haijaingiza hata shilingi, kwa sababu ndipo watu ni waungwana zaidi. Majibu yanayotakiwa:

1. Nani anamiliki nini? Sheria ya hakimiliki inalinda programu, michoro na muziki mliotengeneza; wazo tupu hailindi. Andikeni kwamba kila mmoja anaruhusu kazi yake itumike ndani ya gemu hii, hata akiondoka.
2. Mapato yanagawanywaje? Sawa kwa sawa ni rahisi, ila huleta manung'uniko mmoja akifanya saa 70 na mwingine 9. Mgao wa saa unahitaji daftari la saa linalojazwa kila wiki. Chagueni mmoja na msichanganye.
3. Akiondoka mtu? Kwa mfano, anabaki na mgao wa saa alizofanya, jina lake linabaki kwenye orodha ya watengenezaji, lakini hana kura tena.
4. Nani ana nywila? Angalau wawili, kwa kila akaunti.
5. Kuna mwajiri anayehusika? Mikataba mingi ya kazi humpa mwajiri haki ya kilichotengenezwa kwa laptopu yake au ndani ya saa zake. Kila mmoja asome wake.

Gharama za kutoa gemu ziingie humo humo. itch.io, tovuti ya kuuza na kugawa gemu ndogo, haidai ada ya kupandisha, na nyie ndio mnaopanga asilimia ya kuwaachia. Google Play ni dola 25 mara moja. Steam, duka la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, zinazorudishwa gemu ikishauza dola 1,000, nayo huchukua asilimia 30 ya mauzo. Apple ni dola 99 kila mwaka. Akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inadaiwa pia wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya gemu kuruhusiwa kutoka, kwa hiyo anzeni kuwakusanya mwezi mmoja kabla. Na hakikisheni mwenye jina kwenye akaunti anaweza kweli kupokea malipo nchini alipo, kabla ya kulipa ada yoyote.

Wiki ya nne: kura ya siri

Baada ya kikao, karatasi, wikiendi ya maboksi na wageni watano, mtakuwa mmefika kama wiki ya nne. Kila mmoja aandike kwa siri moja kati ya haya: *naendelea kwa saa zile zile*, *naendelea kwa saa pungufu* (aandike ngapi), au *naachia hapa*. Fungueni karatasi zote kwa pamoja na mpige hesabu upya. Saa zilizobaki zikitosha orodha ya kazi, anzeni. Zikipungua, kateni kwenye orodha siku hiyo hiyo, msisogeze tarehe. Wakiachia nusu ya kundi, chukueni wazo la pili kati ya yale matatu mkiwa na waliobaki, au pandisheni gemu ya maboksi itch.io kama ilivyo, bure, pamoja na sheria zake na majina ya wote walioshiriki.

Anayeachia asiulizwe sababu mbele ya watu. Aondolewe kwenye orodha ya kazi, abaki kwenye grupu, na aombwe kitu kimoja tu: awe miongoni mwa wageni wa kwanza kuijaribu itakapokamilika.